Tukae na Vijana Wetu Kabla ya Machi 31

Wananchi wenzangu wa Kilema, na ninyi majirani zetu wa Marangu, Kirua na Mwika, leo nina ombi moja. Kila nyumba yenye kijana aliyepata kazi mwaka huu, au aliyefungua kibanda, au aliyeanza kupanda Mlima Kilimanjaro na wageni, mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo atenge saa moja aketi naye wazungumze habari ya kodi ya mapato. Saa moja inatosha. Ila iwe kabla ya Machi 31.

Kwa nini naomba hivyo? Kwa sababu mambo haya shuleni hayafundishwi kwa namna ya kumsaidia mtu. Kijana anamaliza kidato cha nne au chuo akiwa anajua kukokotoa riba na asilimia vizuri kabisa, lakini slipu ya mshahara hajawahi kuishika. Akisikia neno ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, anadhani ni la wenye maghorofa mjini. Mwezi wa kwanza anakatwa fedha, anakaa kimya kwa sababu anaona aibu kuuliza. Mwezi wa pili amezoea. Mwaka unaisha hajui kama anadaiwa au hadaiwi, kama anatakiwa kwenda ofisini au hatakiwi.

Nasi wazazi, tumewahi kumweleza?

Wengi wetu hatujafanya hivyo, na sababu inaeleweka. Kodi katika nyumba zetu ilikuja na hofu. Mababu walianza kudaiwa kodi ya nyumba enzi za Mjerumani, miaka ya mwisho ya 1890, na aliyekosa fedha aliweza kupelekwa kufanya kazi badala yake. Sisi tuliokuwa watu wazima kabla ya mwaka 2003 tunaikumbuka kodi ya maendeleo. Siku ya gulio unaulizwa stakabadhi njiani, na usipokuwa nayo safari ya sokoni imekwisha. Wapo waliolala migombani mpaka mgambo wapite. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini hofu yake imebaki kwenye masimulizi yetu ya jioni, na watoto wanatusikiliza.

Kodi ya mapato ya leo haiangalii kichwa cha mtu. Inaangalia alichopata. Asiyepata, au aliyepata kidogo chini ya kiwango, hatozwi. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilianza kazi Julai 1, 1996, kwa hiyo kijana wako wa miaka 25 amezaliwa ameikuta. Hana mgambo wa kukumbuka. Kwa nini tumrithishe hofu ya jambo ambalo hakuliona?

Tuanze na aliyeajiriwa, maana huyo mambo yake ni mepesi zaidi.

Binti mmoja wa hapa kwetu, aliyepata kazi ya mapokezi katika hoteli moja upande wa Marangu, alifika kwa mjomba wake Jumapili baada ya misa, slipu imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha nyimbo.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mama. Karibu, kaa hapo.”

“Mjomba, naomba uniangalizie hii. Waliniambia laki tano. Benki imeingia laki nne na thelathini na tano elfu, na mia sita. Sijui nimekosea wapi.”

Hakukosea popote. Mjomba alichukua kalamu wakaandika pamoja nyuma ya slipu ileile. Mshahara ni shilingi 500,000. Kwanza unatoka mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, yaani 50,000. Zinabaki 450,000, na hizo ndizo zinazoangaliwa kwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo kila mwezi hazitozwi kitu. Kwa hiyo kinachotozwa ni zile 180,000 zilizozidi, kwa asilimia 8. Asilimia 8 ya 180,000 ni 14,400. Toa 50,000, toa 14,400, unapata 435,600. Hesabu ikakubaliana na benki mpaka shilingi ya mwisho.

Mmeona uso wa kijana anapogundua kwamba hakuibiwa? Mgongo unanyooka. Ile elfu 50 ni akiba yake mwenyewe ya uzeeni, na mwajiri anatakiwa kuongeza nyingine kiasi hicho hicho ili ifike asilimia 20. Ile 14,400 ndiyo kodi yake ya mapato, ile inayoandikwa PAYE kwenye slipu. Mwajiri huikata na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha.

Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ataona mstari mwingine, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Huo si kodi. Ni deni la masomo, nalo lina mwisho. Mwambieni mapema, maana wapo wanaochanganya mistari hii na kuilaumu serikali kwa fedha walizosomea wenyewe, na wengine hawajui hata deni limebaki kiasi gani.

Je, binti huyu anatakiwa kujaza ritani? Hapana. Mtu ambaye kipato chake chote ni mshahara kutoka kwa mwajiri mmoja, na mwajiri anakata kodi kila mwezi, halazimiki kuwasilisha ritani ya mwaka, isipokuwa TRA yenyewe imwombe. Kazi yake ni kutunza karatasi. Slipu zote kumi na mbili za mwaka, bahasha moja. Na mwaka ukiisha, aombe kazini hati ya makato ya kodi. Mwajiri anatakiwa awe amempa ifikapo Januari 30. Akiacha kazi katikati ya mwaka, hati hiyo anatakiwa kuipata ndani ya siku 30. Wangapi kati ya vijana wetu wamewahi kuiomba? Iombeni, kwa adabu na kwa maandishi, kama mnavyoomba likizo.

Mambo hubadilika mtu akiwa na ajira mbili. Mwalimu anayefundisha shule moja asubuhi na kulipwa mshahara na kituo kingine jioni, ile ajira ya pili hukatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, kwa sababu kile kiwango kisichotozwa kimeshatumika kwenye ajira ya kwanza. Huyu anatakiwa kufanya hesabu ya mwaka mzima. Vivyo hivyo aliyeajiriwa na huku ana duka Himo, au anakusanya parachichi za majirani na kuziuza Moshi. Wa namna hii ni wengi mno hapa kwetu, maana Mchaga wa mshahara peke yake ni nadra. Kwa huyu, mshahara na faida ya biashara hujumlishwa katika ritani moja, kisha kodi aliyokwisha kukatwa kazini hutolewa. Zile slipu kumi na mbili ndipo zinapomwokoa. Asipokuwa nazo, atathibitishaje kwamba amekwisha kulipa?

Sasa nije kwa wale ambao hawana mwajiri, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Kijana wa kibanda cha chipsi, wakala wa fedha za simu, fundi simu, dada wa saluni, kinyozi, mshona nguo. Hawa sheria inawahesabia kwa mauzo ya mwaka, si kwa faida. Kama biashara ndicho kipato chake pekee na mauzo ya mwaka mzima hayazidi shilingi milioni 4, hatozwi kodi ya mapato. Yakizidi milioni 4 lakini hayazidi milioni 7, kuna njia mbili, nazo zatofautiana sana. Asiye na kumbukumbu za mauzo hulipa shilingi 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu.

Chukueni kalamu. Dada wa saluni ameuza milioni 5 kwa mwaka. Kilichozidi ni milioni 1. Asilimia 3 ya milioni 1 ni shilingi 30,000. Bila daftari angelipa 100,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwachia shilingi 70,000 mfukoni, na ameipata kwa uaminifu mtupu. Kati ya milioni 7 na 11 mambo ni hayo hayo: bila kumbukumbu 250,000, na mwenye kumbukumbu 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Akiuza milioni 8, kwa daftari analipa 120,000.

Kwa nini basi vijana wengi wanalipa ile ya juu? Kwa sababu hawaandiki. Na kwa nini hawaandiki? Hapo ndipo nashangaa kidogo, kwa sababu sisi watu wa mlimani ni watu wa kuandika.

Hebu fikirini. Msiba ukitokea, kabla turubai halijafungwa kuna mtu ameketi mezani na daftari. Fulani elfu kumi, fulani elfu tano na mkungu wa ndizi, fulani mbao. Daftari lile linatunzwa miaka ishirini, na siku ya msiba wa huyo aliyetoa, linafunguliwa. Kwenye vikundi vyetu vya akiba na mikopo, VICOBA, kila hisa ina mhuri wake. Na kahawa ilitufundisha karatasi mapema kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Misheni ya Kilema ilianzishwa mwaka 1891, na miti ya kwanza ya kahawa ya mlima huu ilipandwa kwenye viunga vyake kabla ya karne ile kwisha. Chama cha wakulima wa kahawa kilikuwapo tangu 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ikaja 1933. Babu zetu, wengine hata kusoma hawajui vizuri, walipeleka kahawa chama cha msingi, ikapimwa, wakapewa risiti, na risiti ile ikaenda kwenye kopo juu ya dari. Malipo ya pili yakija, kopo linashushwa.

Kijana wa kibanda hahitaji jambo jipya. Ahamishe tu tabia ya nyumbani aipeleke kazini.

Daftari lenyewe liweje? La kawaida, lenye mistari. Tarehe, kilichouzwa, kiasi. Upande wa pili, kilichonunuliwa na risiti yake imebanwa hapo hapo. Kila jioni kabla ya kufunga, dakika tano. Wale wanaopokea fedha kwa simu wasidhani ujumbe wa simu unatosha, maana simu huibiwa na huanguka kwenye ndoo ya maji. Andika. Mwisho wa mwezi jumlisha, chora mstari. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka halazimiki kupeleka hesabu zilizothibitishwa na mhasibu, kwa hiyo msitishwe kwamba lazima kumlipa mtu wa suti. Daftari safi lina heshima yake mezani.

Na wewe mzazi, utasaidiaje? Mnunulie daftari hilo la kwanza. Andika jina lake kwenye jalada. Halafu baada ya mwezi muulize, kwa upole, “Mwanangu, daftari linaendaje?” Usiulize amepata kiasi gani, hilo ni lake. Uliza kama anaandika.

Niseme neno kwa wanaofanya kazi mlimani, wagumu wetu wanaobeba mizigo na waongoza wageni. Malipo yenu huja kwa safari, kampuni hii leo, kampuni ile mwezi ujao, kisha msimu wa mvua kimya. Mwaka ukiisha mtu hajui jumla yake. Kila safari iandikwe: tarehe ya kupanda, tarehe ya kushuka, kampuni, malipo. Kampuni ikikukata kodi kwenye malipo yako, omba hati ya makato hayo siku ile ile ya kulipwa, ukiwa bado uko ofisini kwao, kwa sababu msimu ukifungwa watu hutawanyika. Makato hayo ni fedha yako iliyokwisha kufika serikalini kwa jina lako. Bila hati, mwisho wa mwaka utaonekana kama hukuwahi kutoa chochote. Wenye kampuni wengi ni watoto wa mlima huu huu, wanawajua vijana wao kwa majina ya ukoo. Nawaomba waandae hati hizo pamoja na bahasha ya malipo, bila kusubiri kuombwa.

Tarehe je? Kwa wafanyabiashara wengi mwaka wa kodi huanza Januari 1 na kwisha Desemba 31. Anayejitegemea hufika TRA, au huingia kwenye mtandao wao, na kutoa makadirio ya mwaka kabla ya Machi 31. Kodi iliyokadiriwa hugawanywa mara nne, akalipa Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Ile 30,000 ya dada wa saluni kwa mgawanyo huo ni 7,500 kila awamu. Na anayetakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka mzima huiwasilisha ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani kabla ya Juni 30. Atakayechelewa hutozwa adhabu kwa kila mwezi wa kuchelewa na riba juu yake, na mara nyingi adhabu hiyo humlemea kijana kuliko kodi yenyewe. Mtu aliyekosa tarehe asijifiche. Aende. Kadiri anavyokwenda mapema ndivyo mzigo unavyokuwa mwepesi.

Biashara ikishuka katikati ya mwaka, inaruhusiwa kurudi na kurekebisha makadirio. Hilo vijana wengi hawalijui, wanaumia kimya kimya.

Sasa TIN, yaani namba ya mlipakodi. Wananchi, TIN haiuzwi. Ni bure. Kinachohitajika ni namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Na vijana wengi wa bodaboda tayari wanayo TIN bila kukumbuka, maana huwezi kupata leseni ya udereva bila hiyo. Kama yako ni ya leseni na sasa umefungua biashara, usiombe nyingine. Namba ni moja kwa mtu mmoja maisha yake yote. Nenda uelezwe jinsi ya kuifanya iwe ya biashara.

Kuna jambo dogo linalowatesa vijana wetu hapa, na linaanzia kwenye meza ya steshenari. Kijana hana barua pepe, ana haraka, anamwambia kijana mwenzake wa kompyuta, “Nijazie tu.” Yule, kwa nia njema kabisa, anatumia barua pepe yake mwenyewe na neno la siri analolitumia kwa wateja wote. TIN inatoka, kila mtu anafurahi. Mwaka unaofuata mwenye TIN anataka kuingia kujaza ritani, ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwenye simu ya mtu aliyehamia Arusha. Siku nzima imepotea. Je, haiwezekani ndugu zetu wenye steshenari, pale Himo na Marangu Mtoni na hapa kwetu, wakaanza kwa kumfungulia mteja barua pepe yake mwenyewe, wakamwandikia kwenye kipande cha karatasi akaenda nacho? Ni dakika kumi zaidi. Atarudi kwako mwaka ujao kwa sababu ulimtendea vema. Na kijana, neno lako la siri ni lako. Hata mtu anayekusaidia kwa upendo, aketi pembeni, wewe ndiwe uandike.

Akishajaza na mfumo ukamkadiria, atapewa kontroo namba. Hiyo ndiyo anayolipia, benki au kwa simu. Fedha ya kodi haipiti mkononi mwa mtu. Akitokea mwenye maneno matamu anayesema mpe taslimu akakulipie, mshukuru, kisha lipa mwenyewe. Stakabadhi ya malipo iingie kwenye bahasha ya slipu na daftari.

Bahasha hiyo ina faida nyingine. Kijana akitaka leseni ya biashara ya halmashauri, ataulizwa cheti cha kutodaiwa kodi. Akitaka mkopo benki wa kununua mashine ya kunyolea ya pili au pikipiki yake mwenyewe aache ya kukodi, ataulizwa mapato yake yanaonekana wapi. Mwenye kumbukumbu za miaka mitatu anazungumza kwa sauti nyingine kabisa mbele ya meza ile.

Na kwa kaka na dada mnaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Desemba mnakuja wote. Barabara ya kupanda huku inajaa magari, kila uwanja una mbuzi, mbege inapikwa. Hapo katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya mna siku ambazo mnakaa tu mkizungumza chini ya migomba. Ninyi mnazijua slipu. Mmejaza ritani. Mmekosea mkarekebishiwa. Chukua mdogo wako mmoja, yule aliyeanza kazi mwaka huu, mpe hiyo saa moja. Mwonyeshe slipu yako halisi, hata kama utafunika kiasi kwa kidole. Mwonyeshe jinsi unavyoingia kwenye mtandao wa TRA kwa simu. Kijana humwamini dada yake kuliko tangazo la redio, na ninyi mtakuwa mmewahi, maana ikifika Januari kila mtu amerudi kazini na Machi inakuja mbio.

Waajiri wadogo nao, wenye maduka, wenye shule za awali, wenye nyumba za wageni: kijana akija siku ya kwanza, kaa naye umsomee slipu yake mstari kwa mstari. Ukimweleza tangu mwanzo, hatakaa akidhani umemdhulumu, na utulivu huo unauona kwenye kazi yake. Kama bado hujaanza kuwapa slipu ya karatasi, anza mwezi huu.

Jumuiya ndogo ndogo tunakutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Baada ya sala huwa kuna matangazo: mchango wa fulani, ugonjwa wa fulani, ujenzi wa kigango. Viongozi wa jumuiya, haiwezekani katika Januari na Februari tukaweka hapo dakika kumi za jambo hili? Katika kila jumuiya kuna mwalimu mstaafu, au karani wa zamani wa chama cha msingi, au mhasibu wa hospitali, anayeweza kusimama akaeleza. Wenzetu Walutheri na Waislamu nao wana mikusanyiko yao. Na VICOBA, ninyi mnaokaa na vitabu mezani kila wiki, nani angefundisha kuandika daftari vizuri kuliko ninyi?

Nimeulizwa na kijana mmoja, kwa dhati, kwamba shilingi 14,400 zake kwa mwezi zitabadilisha nini nchi nzima. Nilimuuliza mdogo wake anasoma wapi. Akasema kidato cha pili, shule ya kata. Analipa ada? Akasema hapana. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka wa masomo wa 2022/2023. Lakini mwalimu bado analipwa na chaki bado inanunuliwa. Fedha hiyo inatoka kwenye makato ya watu kama yeye, na ya wengine asiowajua wa Mtwara na Kigoma, kama vile makato yake yanavyomsomesha mtoto wa huko. Alinyamaza, kisha akaniuliza jinsi ya kuomba hati ya makato kazini kwake. Swali zuri sana hilo. Nilimwandikia barua ya mfano, mistari minne.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeanza kazi mwaka huu, wiki hii tafuta bahasha moja kubwa. Weka ndani slipu ulizonazo, namba yako ya NIDA, TIN kama unayo, na stakabadhi yoyote ya malipo. Kama una biashara, daftari. Mpelekee mtu mzima unayemwamini na umwambie unaomba saa yake moja. Na wewe mzazi, shangazi, mjomba, kaka, akija na bahasha hiyo usimwambie njoo kesho. Mkikwama mahali, ofisi ya TRA ya mkoa iko Moshi mjini na ina watu wa huduma kwa walipakodi ambao kazi yao ni kuelekeza. Nendeni mapema Februari, kabla ya foleni za mwisho wa Machi. Ambaye hana nauli ya kushuka mjini apige simu TRA bila malipo, 0800 780 078 au 0800 750 075, saa za kazi, akiwa na bahasha mezani na kalamu mkononi.